Maji Niliyokataa Kukupulizia

Rehema,

Usishangae kuuona mwandiko wangu. Najua huniamini na kalamu, na kweli karatasi hii imeshapata alama mbili za grisi kabla sijafika popote. Salamu naziruka, maana tulisalimiana asubuhi na tukagombana kabla chai haijapoa. Naandika kwenye meza ya karakana. Ni alasiri, mlango nimeuegesha, na mteja mmoja wa Ayivu nimemwambia baiskeli yake ilale hapa, pancha haimuui mtu. Wewe uko kwa majirani unaaga. Mama yako yuko uani anakunja nguo zako kwa kelele, ili nisikie vizuri kwamba anakunja peke yake.

Habari za chandarua, sabuni, chumvi na namna ya kuficha sukari usiombwe ikaisha, hizo atakuambia yeye. Ana orodha ndefu kuliko barabara ya Koboko. Mimi nina mambo mengine. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo kwa wiki tatu nzima, na kila nikifungua mdomo kinachotoka ni makelele. Jirani siku hizi akipita hapa hanisalimii tena, ananipa pole.

Basi tuanze na kikombe cha leo asubuhi.

Mama yako alikileta kimejaa maji, akakuweka mlangoni, akaniita. "Baba Rehema, mtoto iko hapa. Mpulizie maji leo, kesho gari inaondoka mapema." Wewe ukainamisha kichwa, ukavua na viatu. Mimi nikakitazama kile kikombe, nikakitazama kichwa chako, nikasema, "Sipulizi." Nikachukua pampu nikatoka. Pampu ya nini, sijui. Hakukuwa na baiskeli yoyote nje.

Unaijua desturi ya kwetu, lakini niiseme, maana kesho kutwa wewe ndiye utakuwa mtu wa Koboko na si mimi. Mtoto anayekwenda kuanza maisha mahali pengine, baba yake hujaza maji kinywani akampulizia kifuani na miguuni. Sheikh anasema dua inatosha, nami dua naomba, hakuna anayenizuia. Lakini mama yangu mzazi hakuniacha nitoke bila maji yale, nami sijapata moyo wa kuyaacha. Sasa, kabla ya kupuliza, mtu akiwa na kinyongo lazima akiseme. Akitaje chote, wazi, mbele ya yule anayesafiri. Asipokitaja, marehemu baba yangu alikuwa akisema, hayo si maji ya baraka, ni mate tu.

Nilikataa kwa sababu kifua kimejaa. Wewe ulidhani nimekataa kukutakia heri. Niliona ulivyovaa viatu vyako polepole, na hilo limenikera kuliko yote. Ungenijibu, walau tungepigana vizuri yakaisha.

Haya. Nakitaja.

Kinyongo cha kwanza ni kazi uliyoiacha. Wiki tatu zilizopita uliteremka kwenye basi la Kampala na sanduku moja la nguo na boksi moja la kadi, nikafurahi nikadhani ni likizo. Nilimtuma mama yako akatafute kuku. Kuku, siku hizi! Ukaketi, ukanywa maji, ukasema kama mtu anayeeleza hali ya mvua:

"Baba, nimeacha kazi."

"Wamekupa likizo ya siku ngapi?"

"Si likizo. Nimeacha. Mimi nakwenda fundisha hesabu. Koboko, ile shule mpya."

"Wewe nasema nini?"

"Nasema Koboko."

Ala! Kompyuta, Rehema! Mtu gani anaacha kompyuta? Katika Arua hii yote nani mwingine alikuwa na mtoto anayeandika maagizo ya mashine ikayatii? Wana wa wenzangu ni madereva, ni makarani, wengine wako jeshini na mama zao hawalali. Wangu, kule kampuni ya tumbaku, alikuwa anaiambia mashine kubwa kama chumba jumlisha hiki, pima kile, na tumbaku ya wakulima wote kuanzia hapa mpaka Terego ikapangika kwenye karatasi. Nilikuwa nawaambia wateja hata wasiouliza. Kuna mzee alikuja kununua spoku mbili tu, akaondoka anajua habari zote za kadi zenye matundu ambayo mashine huyasoma kama maagizo.

Kadi zenyewe nazikumbuka, nawe unazikumbuka. Ile siku niliyokuja Kampala, ukanichukua ofisini kwenu nimevaa kanzu ya Idi, ukanionyesha rundo la kadi kwenye boksi refu. Nikaona vile vitundu vidogo vya pembe nne nikasema, mbele ya mkubwa wako, "Mwanangu, hizi zimeingiwa na mchwa." Mkubwa wako alicheka mpaka akavua miwani. Mimi kwa kutaka kuonyesha kwamba si mshamba nikalinyanyua boksi nilitazame vizuri, likaniponyoka. Mama yangu we! Kadi zikamwagika sakafuni mpaka chini ya makabati. Kazi yako ya miezi miwili, kila kadi na zamu yake, na ikikosa zamu mashine inagoma.

Hukunifokea. Ungekuwa wewe ndiye umemwaga gololi zangu, ningekufukuza mpaka Ajia. Uliketi chini na sketi yako ya ofisini, ukanionyesha mstari wa kalamu uliouchora kwa mshazari juu ya ukingo wa rundo zima. "Angalia, baba. Kadi ikiwa mahali pake, mstari unaungana. Ikipotea zamu, mstari unakatika." Tukazipanga tangu adhuhuri mpaka ofisi inafungwa, wewe unapanga, mimi naokota. Nilijifunza mengi siku ile, ingawa nilichokuambia ni kwamba magoti yananiuma.

Jioni nikakuuliza kuandika maagizo ya mashine ni kazi gani hasa. Hukunieleza. Ulisema, "Niambie wewe namna ya kuziba pancha. Mimi ni mtu ambaye hajaona baiskeli tangu kuzaliwa." Nikacheka. Pancha! Nikasema, toa tyubu, tafuta tundu, sugua, bandika kiraka, pampu. Ukasema, "Mashine imesimama. Tyubu iko ndani ya tairi, tairi iko kwenye baiskeli, na mwenye baiskeli bado amekaa juu yake." Nilikasirika kweli kweli. Miaka yote ile fundi, naambiwa sijui pancha! Nikaanza upya, nikasahau kufungua kifuniko cha mdomo wa tyubu. Nikaanza tena. Mara ya nne ndipo ukasema, "Sasa imeziba." Na nakuambia, Rehema, tangu siku ile naziba pancha vizuri zaidi, na vijana ninaowafundisha nawaanzishia hapo hapo, kwa mtu aliyekaa juu ya baiskeli.

Kwa hiyo usidhani sijui wewe ni mwalimu. Najua. Nilijua kabla ya siku ile, na ndipo tunapokaribia shida.

Uliniambia sababu yako, nami nikaikejeli. Ulisema, "Baba, ile mashine nimeifundisha yote ninayojua, na haijaniuliza hata mara moja kwa nini." Nami nikakujibu kwamba mashine isiyouliza maswali ndiyo raha ya kazi, laiti ningekuwa na mke wa namna hiyo. Mama yako alilisikia. Bado nalilipia. Kisha ukaniambia juu ya wale wasichana wapya mliokuwa mkiwapokea ofisini, jinsi mmoja alivyokaa kwenye kosa moja siku mbili, na alipoliona akapiga kelele ofisi nzima ikasimama, na wewe ukajua kwamba ile kelele ndiyo unayoitaka maishani, si karatasi za tumbaku. Nilikuwa nakusikia. Nilijifanya natafuta koleo.

Kinyongo hicho nimekitaja, na nikikitazama hapa kwenye karatasi si kikubwa. Ni majivuno tu. Mtu akininyang'anya hadithi ya kuwasimulia wateja, nitapata nyingine.

Kinyongo cha pili ni Koboko.

Ungesema Nairobi, ningelia nikanyamaza. Ungesema Juba, ningeogopa nikanyamaza. Hata ungesema Omugo! Shule ziko kila mahali, watoto wasiojua hesabu ndio wanaozidi katika nchi hii. Watu wote wanatoka Koboko kwenda Kampala, wewe unatoka Kampala kwenda Koboko. Tena unaniambia kwa furaha kwamba utakaa kwa shangazi yako Hawa, chumba ameshakipaka udongo. Nilipolisikia jina la Hawa nilishika ukuta. Mama yako akadhani ni malaria.

Wala usiniletee ile ya mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilicheza kwetu, nikachekwa.

Ulikuwa shule ya bweni wakati mengi yakitokea, kwa hiyo uliona vipande tu. Wacha nikupe yote, kwa sababu utapita mbele ya lile duka la pembeni kila siku ukienda shule, na watu wa Koboko ni wepesi wa kusimulia.

Wahindi walipofukuzwa, maduka yao yakagawiwa, nami nilikuwa na kaka jeshini, basi jina langu likasomwa. Duka la nguo, Koboko. Mimi! Mtu aliyekuwa akirekebisha baiskeli kwenye baraza la duka hilo hilo. Yule Mhindi mwenyewe tulikuwa tunafahamiana, alikuwa akinipa chai. Alibakiwa na siku mbili kabla ya kuondoka. Alinivutia kiti, akatoa daftari lake kuukuu, akasema, "Keti, nikuonyeshe. Nguo hii iko inatoka wapi, ile inakwisha lini, nani wa kuandikia." Sikuketi. Nilimwambia nina haraka. Haraka ya kwenda wapi, Rehema? Nilikuwa nakwenda nyumbani kujipiga pasi. Mtu anafukuzwa nchini na bado anataka kunifundisha kazi, nami nikaona ni kujishusha kufundishwa na mtu anayeondoka. Alilirudisha daftari mfukoni akaanza kufunga mizigo yake.

Na hilo si la ujinga kuliko yote. La ujinga kuliko yote ni vifaa. Siku niliyopewa ufunguo nilikusanya spana zangu zote, koleo, nyundo, kile kifaa cha kukatia mnyororo alichonipa marehemu baba, nikavipeleka kwa Duku, yule kijana niliyekuwa nafanya naye kazi barazani. Nikamwambia mbele za watu, "Chukua. Mwenye duka hashiki spana." Watu wakapiga vigelegele. Nilijisikia mtu mkubwa sana siku ile.

Unajua duka likawaje. Kila nyumba ya ukoo wetu ilikuwa na harusi, kila harusi ilikuwa na shangazi, na mimi sikujua kumwambia shangazi hapana. Nguo zikatoka mlangoni kwa heshima na kicheko. Nikangoja rafu zijae tena. Nilidhani nguo zinakuja zenyewe, wallahi, kama zilivyokuwa zikija kwa Mhindi. Mwisho nilikuwa nimekaa kwenye duka lenye vifungo na uzi, mlango umefunguliwa asubuhi mpaka magharibi, ninauza vifungo kwa watu ambao hawana nguo za kuvishonea.

Kisha nikaenda kwa Duku kuazima spana yangu mwenyewe. Hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Mzee, chukua moja, jioni urudishe, mimi pia iko na kazi." Spana ilikuwa na alama yangu niliyoichonga kwa msumari. Nilikuwa nairudisha kila jioni, nimeifuta mafuta, kama mtoto wa shule. Baada ya mwaka mmoja hivi ndipo tukahamia Arua hapa, nami sijakanyaga Koboko tena ila kwa mazishi, na hapo pia naondoka kabla ya chai.

Basi sasa unaelewa nilivyokuwa wakati unamaliza shule. Ulirudi Koboko umebeba vyeti vyako, ukatukuta bado tuko kwenye duka la vifungo.

Hapa nimeweka kalamu chini, nikaenda kumzibia yule mtu wa Ayivu pancha yake, ingawa nilimwambia ingelala. Nimerudi. Hakuna pancha nyingine.

Unakumbuka ulikuwa umeomba mahali pawili. Watu wa kampuni ya tumbaku walikuja shuleni kwenu kuwapima wanaojua hesabu, wakakutaka. Na wewe ulikuwa umeandikia chuo cha ualimu, na ndicho ulichokitaka, uliniambia wazi. Ulisema, "Chuo kikijibu, nakwenda chuo. Kisipojibu, nakwenda kampuni." Kampuni ikakupa wiki mbili. Ukawa unafagia baraza la duka asubuhi, kisha unalifagia tena, ili ulione gari la posta likiingia kutoka Arua. Na kila siku ukaniuliza, "Baba, barua?" Nami nikakujibu, "Bado."

Barua ilikuja siku ya kwanza, Rehema.

Shangazi yako Hawa ndiye aliyeichukua posta, akaniletea dukani kwa sababu yeye hajui kusoma. Niliifungua. Ilisema umekubaliwa, ilisema na siku ya kuripoti. Niliisoma mara tatu, nikitumaini nimekosea kusoma. Hawa akauliza, "Inasema nini?" Nikamwambia ukweli, maana Hawa ni dada yangu mkubwa na sijawahi kuweza kumdanganya. Akaanza kupiga vigelegele, nikamfunga mdomo kwa mkono wangu huu.

Nilitaka kitu ambacho Koboko isingeweza kukicheka. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Ualimu wanaujua, kila mtu ana binamu mwalimu. Kompyuta hakuna aliyejua hata ni mnyama gani. Nilitaka watu waache kusema yule mwenye vifungo, waanze kusema baba yake yule wa kompyuta. Nilikuwa nimevunjika, nikakuchukua wewe nikakubandika juu yangu kama kiraka. Nikamwambia Hawa aichome.

Alikataa. Alisema, "Mimi sijui soma, lakini karatasi ya mtoto sichomi. Siku moja utampa wewe. Usipompa, mimi nampa." Akaiweka kwenye sanduku lake la bati, chini ya nguo yake ya harusi. Iko pale mpaka leo. Nami nikarudi barazani, ukaniuliza, "Baba, barua?"

Siku ya mwisho ulisema, "Basi, hawanitaki." Nami, baba yako, nikakujibu, "Wao ndio wajinga." Hukulia. Ulikwenda ukaosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Nilikuwa nakusikia unaziosha, nikauza kifungo kimoja kwa mtu, nikamrudishia chenji mara mbili hata akaniuliza kama naumwa.

Sasa unajua kwa nini nilishika ukuta ulipotaja jina la Hawa. Makelele yote ya wiki tatu, Koboko kuna vumbi, Koboko kuna askari, mshahara wa mwalimu ni wa kununua chaki, yote yalikuwa ni woga wa mzee mmoja na sanduku moja la bati. Nilikufokea wewe kwa kosa langu. Nimekusikia mara ngapi, katika miaka hii mitano, ukisema kwa utani kwamba chuo kilikukataa? Uliwaambia hata wale wasichana wa ofisini, ili kuwapa moyo. Uliniandikia hivyo mwenyewe, kwamba umewaambia hata wewe ulikataliwa chuo na hukufa. Niliisoma barua hiyo nikaikunja nikaenda kulala mchana.

Mama yako hakujua kitu. Nimemwambia leo, baada ya kukataa kikombe. Ndiyo sababu anakunja nguo kwa kelele vile. Atakuja kukuambia kwamba yote yalikuwa heri, kwamba bila kompyuta usingekuwa mwalimu wa namna utakayokuwa, kwamba Mungu hupanga. Huenda ni kweli. Lakini mimi sitaki kuisikia kwake wala kwako, tafadhali. Mungu akipanga vizuri juu ya ubaya wangu, sifa ni zake, ubaya unabaki wangu. Usinifanyie haraka ya kunisamehe kama ulivyofanya kwa zile kadi. Zile ziliniponyoka. Hii niliishika kwa mkono wangu.

Nilitaka kukupa na nasaha, barua za wazazi huwa nazo, lakini najitazama naona sina duka la nasaha, nina vifungo. Neno moja tu: mtu akikuvutia kiti akasema keti nikuonyeshe, keti. Hata kama anaondoka kesho. Hata kama ni mtoto wa darasa la kwanza. Na la pili, kumbe yako mawili: usigawe vifaa vyako. Jana nilimkuta mama yako anataka kuwashia mkaa kwa zile kadi zako, akasema umemwambia huzihitaji tena. Huzihitaji! Nimezinyang'anya. Zimeungua tatu tu. Nimezipanga kwa kufuata mstari wako, nimezifunga kwa mpira wa tyubu, ziko chini kabisa ndani ya sanduku lako. Kazionyeshe darasani. Wazimwage, wazipange. Na ukipita kwa Duku, msalimie, mwambie spana za mzee zinamsalimia. Atakupa ukitaka. Sijawahi kukutana na mtu mwenye heshima kama yule.

Karatasi inakwisha na adhana ya magharibi inakaribia. Utarudi sasa hivi. Barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako, uisome leo kabla hujalala, maana sitaki uisikie habari hii kwa Hawa kesho. Ingekuwa mara ya pili habari yako kupitia mikono ya mtu mwingine kabla ya kukufikia.

Asubuhi nitakuja mpaka kwenye gari. Kikombe nitakibeba mimi. Desturi inasema mwenye kinyongo akitaje kwanza, ndipo apulize. Vyangu nimevitaja vyote, na nilipofika mwisho nikaona kwamba kwako sina kinyongo chochote, sikuwahi kuwa nacho. Mwenye kinyongo cha haki ni wewe. Basi kiseme. Kiseme pale pale, mbele ya makuli na akina mama wa samaki, kwa sauti, hata kwa matusi ukitaka, sitajibu. Nimefokea watu wiki tatu, sauti imekwisha.

Kisha kikombe nitakiweka mkononi mwako. Sijapata kusikia mtoto akimpulizia baba yake maji. Sijapata kusikia pia baba aliyemfungia mtoto barua sandukuni. Nitavua viatu, nitainamisha kichwa kama ulivyoinamisha wewe leo. Ukiweza, puliza. Usipoweza, usipulize kwa kunihurumia, maana hayo yatakuwa mate tu. Mwaga maji chini, panda gari, nami nitarudi na kikombe kitupu, nikitundike karakanani mpaka siku utakayoweza.

Nitakuwa nasubiri, na safari hii mwenye haki ya kusema "bado" ni wewe.

Baba yako